Udongo Unanywea

Wajukuu zangu mnaosomea ukunga, juzi mlinitembelea hapa Bakoba, Bukoba mjini, na ile nyonga yenu ya plastiki, mkaniwekea mezani kando ya bakuli la senene wa kukaanga. Mlitaka niwasimulie sisi tulifundishaje. Niliishika, nikaigeuza, nikasema ni nzuri, kisha nikawakaribisha chai. Mmoja wenu, yule mrefu asiyeishiwa maneno, akawanong'oneza wenzake, "Bibi amechoka." Sikuwa nimechoka. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na mahali pa kuanzia pananiuma. Basi nimeamua kuwaandikia, maana kalamu haina haraka ya kuwahi basi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi nimejaliwa wajukuu wa aina zote mbili.

Siku zile mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Nilikuwa nesi mkunga kijana, viatu vyeupe, gauni limepigwa pasi hadi linakata, na Kiswahili changu cha shuleni nacho nilikuwa nakipiga pasi kila asubuhi. Nilipelekwa Muleba kufundisha akina mama waliochaguliwa na vijiji vyao vya ujamaa. Lengo lilikuwa kila kijiji kiwe na mkunga anayejua lini asubiri na lini akimbize mama hospitali. Hilo tu. Lakini katika hilo tu ndimo yalimo maisha ya watu wawili kila mara.

Nilianza kwa kuiga chuo nilichosoma. Niliazima mifupa halisi ya nyonga, ikaletwa kwa lori ndani ya sanduku. Nikaiweka mezani mbele ya wanafunzi wangu kumi na wawili, wengi wao wakubwa kuliko mama yangu.  Kisha mmoja akauliza, "Ni wa nani huyu?" Nikasema hajulikani. "Hana ndugu wa kumzika?"  Wakainuka mmoja mmoja wakatoka nje, wakakaa chini ya ukuta wanapiga ishara ya msalaba. Katibu wa chama akanishauri niwalazimishe. Nikamwambia aanze yeye kuishika. Mwenzangu akakumbuka ana kikao.

Sanduku likarudi lilikotoka, na mimi nikabaki na ubao na chaki. Jaribuni nyinyi kuchora nyonga ubaoni. Yangu ilitoka kama kipepeo aliyekanyagwa na ng'ombe.

Kesho yake asubuhi mmoja wa wale akina mama aliingia darasani na mzigo kichwani, umefungwa kwa majani ya mgomba. Alikuwa Ma Leokadia, mrefu, mkavu, vidole gumba vyake vimebapa kwa kazi ya miaka mingi. Alikuwa mkunga tangu kabla sijazaliwa, na pia mfinyanzi. Nusu ya watu wa kijiji chake walipokelewa na mikono yake, na kijiji kizima kilipikia vyungu vyake. Akautua mzigo, akaufungua. Udongo wa bondeni, mweusi, unanukia mvua.

"Mfupa wa mtu wataogopa," alisema. "Chungu hakuna anayekiogopa."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na nisiwafiche, hiyo ndiyo ilikuwa miezi mizuri kuliko yote katika kazi yangu. Ma Leokadia alitufundisha kuokota vijiwe, kuutwanga udongo, kuuchanganya na vigae vilivyosagwa ili usipasuke, na kuukanda mpaka uwe laini kama ncha ya sikio. Mfuko wa uzazi tuliufinyanga kama mtungi uliopinduliwa, mdomo chini. Kondo la nyuma lilikuwa kama chapati nene, na kitovu chake kamba ya mgomba iliyosokotwa. Kichwa cha mtoto tulikifanya kwa udongo tukakivika kitambaa. Akina mama ambao jana walikuwa hawathubutu kuangalia picha ya kitabuni, leo walikuwa wanabishana kibofu kikae wapi, na wakishindwa kuelewana wanajishika matumbo yao wenyewe kutafuta ushahidi.

Siku moja alikuja mgeni kutoka wilayani kutukagua. Alikaa, akawasha sigara, akatafuta pa kukung'utia majivu, akaona kibakuli kizuri cha udongo. Akakung'uta. Tukamwacha amalize sigara nzima. Kisha Ma Leokadia akamwambia kwa heshima zote, "Ndugu, hicho ni kibofu cha mkojo." Nasikia kwenye taarifa yake aliandika kwamba darasa lina vifaa vya kutosha.

Na hapa nawapa jambo moja la kazi, mlichukue hata kama mengine mtayaacha. Mtu hajui kiungo mpaka akifinyange. Ukimwonyesha picha atatikisa kichwa na kusema ameelewa. Mpe udongo, mwambie akuonyeshe mtoto anapitia wapi, ndipo utaona alichokuwa anakijua na alichokuwa anakiitikia tu. Mimi mwenyewe, na cheti changu, niligundua sijui mfupa wa mkia unaanzia wapi siku nilipotakiwa kuubandika.

Sasa kuhusu lugha. Darasani walikuwemo Wahaya, Wazinza, na Wasubi waliotoka njia ya Biharamulo. Nikaweka sheria: humu ndani ni Kiswahili, lugha ya taifa. Atakayeteleza akasema Kihaya au lugha yake nyingine, atashuka mtoni kuteka ndoo ya maji. Nilijiona mzalendo kweli kweli. Mimi mwenyewe ni Mhaya, nimezaliwa kibanjani, katikati ya migomba ya baba, na ndotoni naota kwa Kihaya. Lakini mchana nilikuwa taifa.

Siku ya nyonga ilipofika, niliifinyanga mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine aiguse, maana hiyo ndiyo ilikuwa kiini cha somo lote. Kitabu kilikuwa na vipimo, nami nilikuwa na rula. Nilipima udongo mbichi, nikapunguza, nikaongeza, mpaka njia ya mtoto ikalingana na kitabu bila kuzidi hata kidogo. Akina mama walikuwa wanatazama. Nikaweka rula chini kama padri aliyemaliza misa.

Ma Leokadia akasogea, akaitazama, akapitisha vidole ukingoni. Akaanza kuniambia kitu kwa Kihaya.

Hata sikumwacha amalize. "Kiswahili, mama! Ndoo!"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Akachukua ndoo, akashuka. Kilima kile mnakijua nyinyi mliowahi kwenda: kushuka ni magoti, kupanda ni mapafu. Alirudi anahema, akaitua ndoo pembeni, akajifuta uso kwa khanga, akasimama mbele yangu. Nilimwona anatafuta neno.

"Nesi," alisema, "udongo unanywea."

Nikacheka mimi sasa. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti. "Unakunywa, mama. Hakuna 'unanywea'. Udongo unakunywa maji. Haya, darasa zima!" Na darasa zima likaitikia, "Udongo unakunywa maji." Nikaona nimeua ndege wawili, sarufi na sayansi. Nikaagiza nyonga ifunikwe majani mabichi isije ikashikwa na kiu.

Ma Leokadia aliniangalia kidogo. "Ndiyo, mwalimu," akasema, akaenda kukaa mahali pake.

Nyonga ilikaukia kivulini siku kadhaa, kisha yeye mwenyewe akaichoma kwa nyasi na kuni, kama anavyochoma vyungu vyake. Ilitoka nyekundu, ngumu, safi. Sikuipima tena. Kwa nini nipime? Nilikuwa nimeshapima.

Kwa wiki nzima wanafunzi wangu walifanya zoezi moja. Ananawa kwa sabuni, anafumba macho, anaingiza vidole, anazunguka njia nzima mpaka kipimo kiingie mkononi. Nilikuwa nawaambia, "Hii ndiyo njia ya kawaida. Ukikuta nyembamba kuliko hii, usisubiri, mkimbize mama hospitali. Ukikuta kama hii, tulia, mwache ajifungue." Walirudia mpaka wakaweza hata wakiwa wanapiga soga. Aliyeweza kuliko wote alikuwa Ma Leokadia. Mikono ya mfinyanzi haisahau kipimo. Nilimpa sanduku la ukunga la kijiji chake mbele ya watu wote, wembe, uzi na sabuni, wakampigia vigelegele.

Msimu wa kahawa ukaja, ukapita. Kijijini kwake, mke wa mwanawe alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Anaitwa Anastella, nawaomba mlikumbuke jina hilo. Alikuwa binti mfupi, mwembamba wa kiuno. Ma Leokadia akanawa, akampima. Mkono wake ukamwambia njia ni kama ile ya Muleba, ya kawaida. Basi akatulia, kama nilivyomfundisha. Akasubiri mchana ule, akasubiri na kesho yake. Zamani, kabla ya darasa langu, angeangalia ule ufupi na kile kiuno na angekuwa na wasiwasi tangu asubuhi. Lakini sasa alikuwa amesoma.

Walipoona nguvu zinamwishia, wanaume wakambeba kwa machela hadi barabarani, wakasimamisha lori la kahawa. Hospitalini alipasuliwa. Anastella alipona. Mtoto alikuwa wa kike, na alikuwa ameshakufa.

Kijiji kikaitisha kikao, nami nikaitwa kama mtaalamu. Ma Leokadia alikaa chini, mikono mapajani, viganja juu. Mwenyekiti akaniuliza, "Mwalimu, huyu mama alifundishwa kutambua njia nyembamba?"

"Alifundishwa," nikasema. "Na ndiye aliyefaulu kuliko wote."

Nilidhani namtetea. Kumbe ndiyo nilikuwa nimemfunga kamba. Kama alifundishwa na alijua, basi alizembea, na wapo walionong'ona maneno mabaya zaidi, mnajua wanawake wazee husemwaje kijijini. Wakamnyang'anya sanduku. Hakujitetea hata kwa neno moja. Nilirudi Muleba nikiwa nimehuzunika, ndiyo, lakini na kaubaridi ka hasira moyoni: nilimfundisha, kwa nini hakusikia?

Baada ya hapo nilikuja Bukoba kwa mapumziko. Nilikuwa nimepanga chumba hapa hapa Bakoba, kwa mama mmoja Mwislamu, Bi Mwanaisha, ambaye wazee wake walitoka Pwani. Nilikuwa nimefua sweta langu la sufu kwa maji ya moto, nikalianika. Bi Mwanaisha akalishika kwenye kamba, akaangua kicheko.

"Njoo uone, mwanangu! Sweta lako limenywea. Hili sasa mpe mdoli."

Nikamuuliza limefanya nini.

"Limenywea. Limerudi, limekuwa dogo. Huko shuleni hawakuwafundisha neno hilo?"

 Nilisimama pale uani na kijisweta changu mkononi, na nilisikia sauti ya Ma Leokadia waziwazi, mtu anayehema, amejifuta uso kwa khanga. Yeye neno lile alilipata hapa hapa mjini, kwa wateja aliokuwa akija kuwauzia vyungu. Nikapanda basi la kwanza la kurudi Muleba. Nikatoa nyonga kabatini, nikachukua rula. Njia ilikuwa imepungua kwa karibu unene wa kidole, pande zote.

Sasa mmeelewa. Nilikuwa nimewafundisha wanawake kumi na wawili kwamba njia nyembamba ndiyo njia ya kawaida. Na Ma Leokadia, ambaye mkono wake ulijifunza vizuri kuliko wote, ndiye aliyekosea vizuri kuliko wote.

Mkiniuliza nilifanya nini, nitawaambia. Nilifinyanga nyonga nyingine, kubwa kwa kipimo cha kidole, nikaisubiri ikauke, nikaipima, ikalingana. Ile ya kwanza niliivunja nikaizika nyuma ya darasa. Nikawaita wale kumi na mmoja waje kwa kile nilichokiita mafunzo ya kukumbushia, nikawapa kipimo kipya bila kueleza ni kwa nini. Mmoja akasema, "Nesi, mbona hii ni pana?" Nikamwambia mkono wake umesahau.

Ma Leokadia sikumwita. Hakuwa tena kwenye orodha.

Ningeweza kwenda kwenye kikao kile kile nikasema kosa ni langu. Niliogopa kuhamishwa, niliogopa kuaibika, na zaidi ya yote niliona haya kusema kwamba nilimcheka mfinyanzi kuhusu udongo. Kliniki nilikuwa nawaambia akina mama kila siku, "Mficha uchi hazai, semeni mnapoumwa." Mimi nilificha wangu hadi nilipostaafu. Nilipandishwa cheo kwa ajili ya mafunzo ya udongo. Wageni walikuja kutazama. Na kila basi langu lilipopita Muleba nilijifanya naangalia upande wa pili wa dirisha.

Nilipostaafu, kiti changu hiki kilinishinda kukikalia. Nikaenda. Niliteremka Muleba sokoni, nikapanda kilima kwa miguu. Ma Leokadia alikuwa mlangoni kwake anachambua maharage kwa vidole, maana macho yalikuwa yamefunga ukungu.

"Wasibota, waitu," nikasalimia.

Vidole vikasimama. "Sauti hiyo ni ya Nesi," akasema. "Leo unasema Kihaya?"

Akacheka kidogo. Akaita, na akatoka Anastella, mtu mzima sasa, mvi pembeni, na kikapu kidogo cha buni za kutafuna, kama mgeni anavyopewa. Alikuwa amezaa tena baadaye, mara mbili, zote kwa kupasuliwa. Nikamwomba asiondoke. Kisha nikayasema yote kwa Kihaya, rula, sweta, nyonga niliyoizika, na jinsi nilivyonyamaza. 

Ma Leokadia alikuwa anazungusha punje moja ya haragwe kati ya vidole.

"Udongo wa bonde letu unanywea kidole kizima," akasema. "Hilo nalijua tangu utoto. Ulipocheka, nikadhani rula yako imeshalihesabu, wasomi mna mambo yenu. Nilipoitoa motoni nikaona ni ndogo. Nikasema, nitamwambia tena, kwa Kihaya. Nikaingia darasani nimelishika neno mdomoni." Akaiweka punje chini. "Halafu nikaiona ile ndoo."

Nikataka kusema kitu. Akainua mkono.

"Nilikuambia mara moja tu, Nesi. Miaka yote hii nikisali rozari hapo ndipo ninapokwama. Ningekubali ndoo ya pili, mtoto wa Anastella angekuwa hai."

Wajukuu zangu, mimi nilidhani nimemficha mtu asiyejua. Kumbe alijua tangu siku ile ile, na kwa kuwa mimi nilinyamaza, akaona aliyebaki wa kulaumiwa ni yeye. Neno langu moja lingemtua ule mzigo akiwa bado ana macho ya kupokelea watoto. Nililiweka kabatini kwa miaka yote ya kazi yangu.

 Anastella aliniangalia, akachukua kisu na kikapu, akaingia migombani. Nilisubiri arudi. Hakurudi, na mpaka leo hajanijibu, na sijamdai jibu.

Nikaona ndoo kando ya ukuta. Nikainuka, nikaichukua, nikashuka mtoni na magoti yangu ya uzee. Nilipumzika mara tatu nikipanda, na maji mengi yalinimwagikia kwenye gauni. Nikaitua mbele ya Ma Leokadia nikiwa nahema. Akainama, akaingiza vidole viwili, akazunguka ukingo polepole, akapima.

"Haijajaa," akasema.

Nikamwaga maji mtungini, nikashuka tena.